Jike Mwekundu wa Banda la Chini

Wajukuu zangu huniuliza kwa nini nikiona mbwa barabarani naangalia pembeni. Wanadhani naogopa kung'atwa. Mimi niogope mbwa! Nimewatoa kupe masikioni, nimewakamua majipu, nimewapikia ugali kwenye sufuria ambalo lingetosha watu wa msibani. Siwaogopi hata kidogo. Kuna jike mmoja mwekundu aliyeuawa kwa kosa lisilo lake, na nikiona mbwa wa rangi ile hasira inanipanda upya, na kwa umri wangu huu hasira si nzuri.

Nilikutana naye nilipokuwa nimeachika. Niliolewa Turiani nikiwa binti mbichi, nikazaa watoto wawili, na wote wawili walikufa kabla hawajatambaa. Mama mkwe akasema mbele ya watu kwamba damu yangu ni mbovu. Mume wangu alikuwapo. Mdomo wake ulikuwa wa kulia chakula tu, hakunitetea kwa neno hata moja. Nikafunga mzigo wangu nikaondoka.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Kwa hiyo sikwenda kwa baba, nilikwenda kwa mjomba. Mjomba alikuwa ameteremka zamani kutoka kijiji cha misheni huko juu mlimani, akaajiriwa kutunza mbwa kwenye shamba la mkonge la mzungu mmoja, chini kidogo ya Bigwa. Hakuniuliza kilichotokea Turiani. Alinipa chumba, akanionyesha sufuria la mbwa, akasema, "Mwanangu, hawa nao wanakula kabla jua halijawa kali." Nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

Majirani zetu wa Bigwa wengi walikuwa Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mama mmoja niliyepatana naye sana, akinigawia chumvi aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, nami nikaja kuichukua. "Usinikaribie, shoga, nimeshatawadha," alikuwa akisema, tunacheka wote. Sikumbuki kucheka mara nyingi miaka ile, kwa hiyo hilo nimelishika.

Mbwa wenyewe walikuwa seta, mbwa wa kuwindia ndege. Wazuri, kusema kweli. Miguu mirefu, manyoya mekundu yanayong'aa, masikio ya kulegea. Seta hafukuzi ndege. Akishanusa kwale majanini anaganda, kisha analala chini polepole mpaka kifua kinagusa nyasi, pua imeelekea pale pale alipo ndege. Hapo anangoja bunduki. Unaweza kumkanyaga mkia, hatageuka.

Lakini nchi hii ilikuwa inawamaliza. Kupe waliwaua, mbung'o waliwaua, na chui alishuka kutoka mlimani akachukua aliyebaki nje. Bwana, maana ndivyo tulivyomwita yule mzungu, alitaka kupata ukoo wa seta waliozaliwa hapa hapa, wenye afya ya kuhimili kupe wetu, na damu safi isiyochanganyika na koko wa mitaani. Akaleta kwa meli dume mmoja na majike wawili. Yule dume alikuwa fahari yake. Barazani aliweka kikombe cha fedha alichokipata baba wa dume huyo kwenye mashindano ya mbwa huko Ulaya, na kila mgeni alionyeshwa kikombe kwanza ndipo apewe kiti. Na kweli dume huyo alikuwa mgumu. Homa ya kupe ilimpata akapona, ikampata tena akapona tena. Majike wale wawili walizaa naye, kila mmoja watoto wake, kisha wakafa, mmoja kwa homa, mwingine kwa chui.

Katika watoto hao ndimo alimokuwa jike wangu. Mama yake aliliwa na chui yeye akiwa bado ananyonya. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa, nikimlaza tumboni kwangu, na maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yamekauka si muda mrefu uliopita. Sitasema zaidi ya hapo. Alikuwa na doa jeupe kifuani, na alikuwa haji kwa mtu mwingine yeyote akiitwa.

Ikaja ile vita kubwa. Bwana akavaa kofia ya jeshi akaondoka, shamba akaliacha kwa meneja aliyekuwa hataki hata kusikia mbwa wakibweka. Meli za kuleta mbwa wapya hazikuwapo. Kuendeleza ukoo kukabaki mikononi mwa mjomba peke yake.

Na mjomba aliifanya kazi ile kwa akili yote aliyopewa na Mungu. Mabanda yalikuwa mawili, la juu na la chini. Akasema watoto wa jike wa kwanza ni ukoo wa juu, wa jike wa pili ni ukoo wa chini. Lukolo mbili, kama tunavyosema kwetu, na watu wa lukolo moja hawaoani. Ikifika wakati wa jike kuingia kwenye joto, mjomba alilala mlangoni pa banda asije kaka yake akampanda. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Alikuwa akisema ndugu wakipandana wanazaliwa watoto wenye midomo iliyopasuka, na midomo iliyopasuka yeye hataki kuiona.

Jike wangu alipokomaa, mjomba akamtafutia mume katika banda la juu. Alifanya mzaha siku ile, akaniambia mimi ndiye mama wa bibi harusi, nidai mahari. "Hawa wametengana kabisa," akasema. "Yule ana mama yake, huyu ana mama yake. Mama zao hata harufu hawakushirikiana."

Habari ya baba haikutajwa. Kwa binadamu ingetajwa, maana baba naye ana heshima yake na watoto wake hawaoani ovyo. Lakini dume la mbwa anapita tu. Halei, halishi, hajui hata banda walimo wanawe. Nani angemhesabu?

Watoto walizaliwa wazima, wenye manyoya mazuri, mjomba akafurahi mpaka akaenda kanisani siku isiyo Jumapili. Asubuhi walikuwa wakicheza kama kawaida. Jua likizama nikaanza kuona mambo. Mmoja aligonga sufuria langu lililokuwa mahali pake pa siku zote. Nikamwita mjinga. Kesho yake akaligonga tena, na mwenzake akaangukia mfereji wa maji. Nikachukua gunzi la mahindi, nikalibiringisha taratibu mbele yao katika mwanga ule wa magharibi. Wengine walilirukia. Wawili walibaki wamesimama wakitega masikio, macho yao wameyafumbua, wanaangalia mahali ambapo gunzi halipo.

Mjomba alisema ni miiba ya mkonge. Akachukua panga akakata ncha za mkonge wote ulio karibu na mabanda, siku nzima, viganja vikamtoka damu. Baadaye akasema kuna mtu ametuonea wivu. Akawaosha macho kwa maji ya dawa aliyoyapata mlimani. Nilimwacha afanye, moyo wake ulikuwa hauna pa kushika. Wale watoto wakakua, na giza la jioni likawafuata mpaka mchana. Ilifika saa sita ya jua kali wanatembea wakigusa ukuta kwa pua.

Akawapandisha tena wale wale wazazi, akidhani safari ya kwanza ilikuwa bahati mbaya tu. Wakatokea vipofu wengine.

Bwana akarudi vita ilipokwisha, amekonda, mkono mmoja unamtetemeka. Jambo la kwanza alilotaka kuona ni mbwa. Mjomba alivaa shati lake la kanisani akamtolea wote nje, na vipofu pia, hakuficha hata mmoja. Bwana akaangalia. Akaingia ndani. Baada ya siku chache akaja na daktari wa mifugo, mzungu mwenzake, mtu mpole aliyekijua Kiswahili vizuri.

Daktari aliwapima macho, kisha akamuuliza mjomba, "Mzee, mama yao nani?"

Mjomba akaninyooshea kidole nilipokuwa nimemshika jike wangu. "Huyu hapa. Wa banda la chini. Na mume wake ni wa banda la juu. Nimewatenga tangu walipozaliwa."

"Na baba wa huyu jike?"

"Yule mzee pale."

"Na baba wa huyo mume wake?"

"Yule yule," akasema mjomba. Alisema bila wasiwasi wowote. "Baba wa wote ni mmoja, daktari. Hatukuwa na mwingine."

 Daktari akamweleza mjomba pole pole, bila dharau, kwamba upofu wa namna hii unabebwa damuni bila kuonekana, kwamba mbebaji mwenyewe anaona vizuri maisha yake yote, na kwamba unajitokeza pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wameubeba. Na hawa wote wawili, akasema, huenda wameupata mahali pamoja. Akamtazama dume mzee aliyekuwa amelala kivulini. Nilimwona mjomba anavyoelewa. Uso wake ulishuka, akaanza kufunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Bwana naye alielewa, lakini alielewa alichotaka. Waligombana na daktari kwa Kiingereza, na mara nyingi mkono wa Bwana ulielekea barazani, kwenye kile kikombe. Daktari akainua mabega akapanda gari lake. Bwana akatugeukia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Baba mzuri. Damu yake najulikana Ulaya yote. Mama ndiyo mbaya. Maliza vipofu, maliza mama. Dume yote nabaki."

Mama ndiyo mbaya. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo Turiani. Nilimbana jike kwa hasira mpaka akaniangalia usoni. Mjomba akavua kofia, akamwambia Bwana kosa ni lake yeye mjomba, yeye ndiye aliyewaozesha, jike hana hatia, amfukuze yeye kazi lakini jike amwache, atampeleka mlimani na hatazaa tena. Aliomba kama anavyoombea mtu mtoto wa dada yake. Bwana akasema hapana maneno mingi.

Alasiri vipofu walipigwa risasi kwanza, nyuma ya mabanda. Jike ilibidi nimlete mimi, kwa sababu kwa mwingine hakwenda. Nilimpeleka kwenye nyasi, ng'ambo ya kitalu cha mkonge, na Bwana akatokea na bunduki yake ya ndege. Sikuwa nimefikiria bunduki ile ilikuwa na maana gani kwa yule jike. Alipoiona akafurahi. Mkia ukapiga, akanitoka mkononi, akaingia majanini akinusa huku na huku, na hatua chache mbele akaganda. Akashuka polepole mpaka kifua kikagusa nyasi. Akatulia pale, pua mbele, akingoja.

Bwana akapiga. Na mlio ulipotoka, kwale akaruka kutoka pale pale alipokuwa ameelekeza pua, akapiga mabawa kuelekea mlimani. Jike wangu hakuwa amekosea. Mpaka dakika ile alikuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Mjomba alimzika kwa mikono yake. Mwezi ule ule aliomba ruhusa ya kuondoka, tukapanda mlimani kulima kabichi na njegere. Tulisikia baadaye kwamba Bwana aliagiza jike mpya, kutoka banda lile lile la Ulaya alikozaliwa dume, akampandisha na yule mzee wa kikombe, na wao pia wakazaa watoto wanaogonga kuta jioni. Aliyetuletea habari alidhani tutafurahi. Mjomba alitema mate pembeni akaendelea kupalilia.

Miaka ikapita, akaja mtu kuniposa, mkulima aliyefiwa na mke, wa kijiji cha jirani. Wazee wa pande zote walikaa. Wakauliza lukolo lake, lukolo langu, hakuna mgongano, kila mtu akaridhika akingoja pombe. Ndipo mjomba akauliza, "Na baba yako, watoto wake wengine wanaendeleaje? Wanaona? Wanatembea? Wamekufa wangapi wadogo?" Watu wakatazamana. Kwetu lilikuwa swali la ajabu, wengine wakaona la matusi. Yule mtu akajibu moja baada ya jingine, kwa heshima, na mjomba akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kukubali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikilia, na sikujua kama nalilia wanangu au nalilia mbwa.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Alipoanza kukaa mwenyewe, kila jua lilipozama nilimweka uani, nikachukua gunzi la mahindi, nikalibiringisha mbele yake. Alilifuata kwa macho, akanyoosha mkono, akacheka. Mume wangu akaniuliza mchezo huo ni wa nini. Nikamwambia ni mchezo tu. Kesho yake jua lilipozama nikalibiringisha tena.