Radiogramu ya Butiama

Tusichoshane. Mimi vyombo vya zamani nimevigawa makundi mawili tu: kizima na sanduku. Kizima ni kile ambacho ukikifungua mgongo unakuta kila alichoweka mwenye kiwanda bado kipo, hata kama hakisemi. Sanduku ni mbao zilizotolewa utumbo zikajazwa takataka. Kizima kinaingia sebuleni kwangu, mtaa wa Nyasho. Sanduku halivuki mlango wangu, hata lije limepakwa vanishi mpaka unajiona uso.

Sebuleni nina radiogramu tatu, zile kabati zenye redio na sahani ya santuri ndani, na televisheni mbili za chogo, zile za mbao zenye miguu minne. Majirani wakija kuomba chumvi wanasimama hapo, wanaziangalia, halafu wananiuliza, "Mama, hii inashika chaneli ngapi?" Hao ndio watu ninaoishi nao. Kwao wana flati ukutani, stika ya dukani hawajaibandua mwaka wa ngapi sijui, wanaogopa itaonekana kuukuu. Na wao ndio wananionea huruma mimi! Ebo!

Siku za kazi niko dukani mtaa wa Mukendo, nauza vitambaa. Jumapili nikitoka ibadani ndipo nakwenda kukagua. Radiogramu moja niliitoa kisiwani Rukuba, kwenye kambi ya wavuvi. Wale mabwana walikuwa wameigeuza meza ya karata. Nilivuka nayo kwa boti ikinuka dagaa, abiria wananitazama kama nimebeba jeneza. Nilipofika nyumbani nikafungua mgongo: valvu, zile taa zake za kioo, zote zimekaa mahali pake, spika nzito, waya zimefungwa kwa uzi wa kiwandani, na vumbi tu. Nikaipanga pembeni ya ile niliyoipata kwa mjane mmoja wa mjini. Ya Rukuba ina sauti nene zaidi, inatoka chini kabisa. Ya mjane inaishinda kwa mfuniko. Ukiuachia unashuka wenyewe polepole, haubamizi. Ukimweleza mtu tofauti hiyo, anapiga miayo.

Sasa kuna huyu bwana wa Bunda. Ana gesti, na mapokezi ya gesti yake ameyajaza vyombo vya zamani, anajiita mkusanyaji. Mkusanyaji wa nini, sijui. Televisheni moja ameing'oa kioo, ameweka tangi la maji, ndani kuna furu wanaogelea. Furu! Samaki wa kukaanga na kulia ugali, yeye kawaweka kwenye televisheni wageni wawatazame. Nyingine ni kabati la soda. Halafu kuna radiogramu ya mbao nzuri, nzuri ya kulilia, ameitoa kila kitu akatia sabufa ya Kichina na tundu la kuchomeka fleshi. Anasema ameifufua. Siku aliponionyesha nilimwambia, "Kaka, wewe umeua, halafu umemvalisha marehemu miwani." Akacheka. Huyo ukimtukana anacheka tu, na hilo nalo linaniudhi.

Lakini alikuwa na kitu kimoja cha maana, na ndicho kilichokuwa kinanirudisha Bunda. Televisheni ya milango. Ina milango miwili ya mbao inayoteleza kufunika kioo, na ufunguo wake, na ndani haijaguswa. Niliitaka mpaka naona haya. Hakukubali kuitoa.

Siku moja akaniambia, "Dada, radiogramu ambayo fundi hajaitia mkono, mkoa huu hakuna. Hata hizo zako nimeona waya zimechomewa risasi upya."

"Ipo," nikamjibu. "Iko Butiama kwa baba yangu. Tangu iingie ile nyumba hakuna fundi aliyeisogelea."

"Nikiiona kwa macho yangu, televisheni ya milango beba."

"Na ikiwa sivyo?"

Akapiga kofi radiogramu yake ya sabufa. "Basi unachukua hii, unaiweka sebuleni kwako, katikati."

Nilicheka mpaka mlinzi wa gesti akachungulia. Nikakubali pale pale. Mimi moyoni ile televisheni nilikuwa nimeshaipakia.

Ngoja nieleze hiyo radiogramu ya Butiama ilikuwa nini kwetu. Baba alikuwa karani wa mizani ya pamba. Wenzake walikuwa na vijiredio vya kuning'iniza kwenye baiskeli, yeye alikuwa na chombo kirefu kama kitanda cha mtoto, kina kitambaa cha dhahabu mbele. Jioni tunanawa miguu, tunakaa mkekani. Baba anatoa ufunguo mfukoni, ananipa mimi nifungue, mimi peke yangu kati ya watoto wote. Anainua mfuniko, anazungusha nobu kubwa ya mbele, sauti inatoka. Majirani wamejaa dirishani. Taarifa ya habari ikiisha, anafunga. Nyuma kulikuwa hakuguswi. Hata mama alikatazwa mbele yetu kufuta vumbi kule, kwamba kuna betri kubwa itamrusha. Santuri hazikupigwa kamwe, baba akisema sindano inasubiriwa kutoka Nairobi.

Na redio za majirani aliziita vikopo. "Kile kikopo chao kimeanza kukoroma," anasema, sisi tunakufa kwa kicheko. Shuleni nikawa namwambia mtoto wa mtu, kwenu kuna kikopo, kwetu kuna radiogramu. Dharau niliichukua kwake mzima mzima, na imenisaidia. Bila hiyo ningekuwa leo nafuga furu kwenye televisheni. Kila chombo nilichokusanya nilikuwa nakipima kwa kile cha baba, na vyote nilikuwa navipanga nikiacha nafasi katikati ya sebule, kwa ajili yake.

Baba alipofariki, mama akaweka juu ya ile radiogramu chupa ya chai na Biblia, akakataa kuitoa. "Liache hapo," kila nikiomba. Mwaka huu akanunuliwa makochi mapya, sebule ikajaa, akanipigia simu mwenyewe: njoo ulichukue. Nilimpitia bwana wa Bunda. Kwa kweli yeye ndiye aliyenipitia, maana pikapu ni yake.

Mama tulimkuta uani anamenya mihogo. Tukamwamkia, akaitikia, akatuambia tuingie tu, tunajua kilipo. Tukakisogeza kutoka ukutani. Kilikuwa chepesi. Nikajiambia ni makochi ya siku hizi yamenizoesha vitu vizito, upuuzi wa namna hiyo. Bwana wa Bunda akatoa bisibisi, nikamnyang'anya. Huwezi kumwachia mtu wa sabufa afungue kitu cha baba yangu.

Hapo ndipo nikaona vichwa vya skrubu. Vimelika. Kitu ambacho hakijafunguliwa skrubu zake zina kutu na makali. Hizi zilikuwa laini, zimefunguliwa na kufungwa miaka na miaka. Nikafungua zote, nikaondoa ubao.

Hamna kitu. Hamna valvu, hamna transfoma, hamna spika. Sahani ya santuri juu ilikuwa imepigiliwa misumari. Katikati ya ule utupu kulikuwa na kirafu cha ubao, na juu yake redio ndogo ya mkanda wa ngozi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Waya mgumu ulitoka kwenye swichi yake ukafika mpaka kwenye nobu kubwa ya mbele.

Kikopo.

Nikangoja yule bwana acheke. Nilikuwa nimeshamwandalia tusi. Hakucheka. Aliwasha tochi ya simu, akaingiza kichwa, akagusa ule waya, akauzungusha taratibu, nobu ikazunguka. "Dada," akasema, "mzee alikuwa fundi. Angalia alivyokunja hapa." Afadhali angecheka. Kusifiwa na mtu wa Bunda kwamba baba yangu alijua kutengeneza sanduku! Nikamwambia anyamaze.

Mama akaingia, kisu cha mihogo bado mkononi. Akatazama, wala hakushtuka.

"Mmeifikia redio yangu," akasema.

"Redio yako kivipi, mama?"

"Si yangu? Niliinunua Bunda, nikichambua pamba kule jineri, baba yako hata hajaniona bado. Nikaolewa nayo. Yeye hilo boksi alilipata mnadani, wenyewe walishatoa vyuma vyao. Watu wakawa wanasema kwa karani redio ni ya mwanamke. Ndiyo akaitia humo."

"Na betri?"

"Betri nilikuwaga nanunua mimi. Akienda mizani nafungua nabadilisha, nafunga."

Nikamuuliza kwa hasira, maana ndiyo iliyokuja karibu, kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo, hata baada ya mazishi.

"Nikuambie iweje?" Akaweka kisu juu ya mfuniko. "Wewe ulikuwa umeshaanza kuwaambia wenzako kwao kuna vikopo. Nikaona umefanana naye, nikawaacha na raha yenu."

Akainama, akaufungua ule mpira kwa vidole vyake viwili bila hata kuangalia, akaitoa redio, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Boksi bebeni," akasema. "Hii niachieni." Akatoka nayo kwenye mihogo yake.

Kurudi tulizungukia kwanza Bunda. Tulipofika, yule bwana akasimama gesti, akaingia na mlinzi wakatoka na ile ya sabufa, wakaipakia pembeni ya ile ya baba. Sikumzuia. Tulikubaliana.

Kule Nyasho, jirani mmoja wa chumvi alikuwa mlangoni kwake, tayari kuangalia. Tulianza na ya baba. Bwana wa Bunda alishika upande wa mbele, mimi nyuma, na alipofika kizingitini akasimama. Anaijua sheria yangu, nimemwimbia vya kutosha. Nyuma yake sebuleni naiona nafasi niliyoiacha wazi miaka yote, katikati ya vizima vyangu.

"Dada," akaniuliza, taratibu, ili jirani asisikie. "Hii inaingia?"

Nikamwambia afunge mdomo, avute.