Arobaini ya Matar na Tumbo la Koku

Demetria hakuwa mtu wa kuzungumza mambo ya tumbo. Mama yake huko Bukoba alimlea hivyo: mwanamke mwenye heshima akiumwa husema "sijisikii vizuri," na anayetaka kujua zaidi ana lake jambo. Alipoolewa na Gaspar, karani wa reli, akaletwa Temeke, alikuja na adabu zake zote, hata zile zisizo na kazi mjini.

Sasa Koku, binti yake mdogo, alikuwa ameharisha na kutapika tangu Jumapili mpaka macho yakaingia ndani. Demetria alimnywesha maji ya mchele kwa kijiko, akafua nguo nyuma ya nyumba majirani wasione. Ijumaa mtoto akaomba ndizi mwenyewe. Jumamosi asubuhi alikwenda choo mara moja tu, laini kidogo, akarudi anacheka. Je, amepona au hajapona? Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana siku hiyohiyo ilikuwa arobaini ya Matar, mtoto mchanga wa Bahiya, yaani sherehe ya kutimiza siku arobaini tangu azaliwe.

Bahiya alikuwa mke wa Hilal, Mwarabu mwenye duka pale mtaani, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Yeye ndiye aliyemkanda Demetria mgongo wakati wa kumzaa Koku, na sahani za chakula zilikuwa zikivuka ua ule kila mara. Kisha ikaja Ijumaa moja ya Kwaresima. Bahiya alileta pilau ya nyama, imefunikwa kitambaa cheupe, na Demetria, ambaye Ijumaa nyama haigusi kwa sababu ya dini yake, badala ya kueleza akairudisha: "Ahsante, tumeshiba." Bahiya angejuaje habari za Ijumaa ya Wakatoliki? Alichojua ni kwamba chakula chake kimekataliwa. Tangu hapo sahani hazikuvuka tena, salamu zikawa za mdomoni, na Demetria, asiye na ndugu hata mmoja Dar es Salaam, akawa mpweke kwelikweli. Ndiyo maana mwaliko wa arobaini ulipofika, na maneno "Koku naye aje akae na wenzake," nusura alie kwa furaha.

"Mwache mtoto nyumbani, nenda peke yako," Gaspar alisema.

"Nikienda bila yeye watasema namficha asile kwao."

"Basi waambie anaumwa."

"Anaumwa nini? Niseme mbele ya chakula cha watu?"

Gaspar akainama kufunga viatu vyake. Naye alikuwa mtu wa Bukoba.

Demetria akakata shauri: atakwenda naye, atamshibisha uji kwanza, na huko atampakata muda wote. Ulikuwa mpango mzuri kwa mtu asiyemjua Koku.

Kwa kina Bahiya, siku ya arobaini, watoto wa mtaa hukalishwa mkekani wakala sinia moja, kisha mtoto mchanga hupitishwa mikononi mwao mmoja mmoja ili apate wenzake. Hilo la kupitishwa Demetria hakulijua mpaka Bi Samiha, mama mkwe wa Bahiya, alipolitangaza akiwa amemshika Matar tayari. Sinia la pilau likatua. Koku akachoropoka mapajani, akajipenyeza katikati ya wenzake, mkono juu. Bahiya alikuwa akimtazama Demetria na kutabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima.

Demetria aliudaka mkono wa Koku kabla haujagusa wali.

"Mwacheni na mwanawe," alisema Bi Samiha. "Watu wa bara hawali vyetu."

"Anaharisha!"

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na wanawake kadhaa walikuwa na tonge mkononi. "Alikuwa anaharisha," akaendelea, jasho linamtoka. "Nadhani amepona, sijui. Asile nao, wala asimshike mtoto."

Bahiya aliinuka, akamshika mkono, akamtoa mpaka uani jikoni, Koku akiburutwa nyuma analia.

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Na leo asubuhi?"

"Laini kidogo."

"Na ulikuwa unyamaze tu, Mama Koku?"

"Niliogopa utasema nimekataa chakula chako tena."

Bahiya akamwachia mkono. "Yule wangu wa kwanza alikwenda na tumbo," alisema. Demetria hata hakujua kwamba Matar alikuwa na mkubwa wake. "Alikula sinia moja na mtoto wa jirani. Jirani huyo alijua mwanawe anaharisha, akaona haya kusema. Alikuja kuniambia matangani."

Demetria alikaa juu ya kinu akalia. Alijiona mbaya, na hakujitetea. Alipopata sauti akaeleza na habari ya Ijumaa, kwamba nyama hawali siku ile, na pilau ilimtoa mate kweli.

"Ijumaa tu?" Bahiya aliuliza.

"Ijumaa tu."

"Si ungesema! Mie nimenuna miezi yote hii kwa ajili ya Ijumaa?" Akachota maji kwenye pipa, akamnawisha Koku kwa sabuni mpaka viwiko, akampa bakuli lake la wali mweupe pembeni. Koku akalilia pilau.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla hata ya salamu, Bahiya alipaza sauti juu ya ua: "Mama Koku! Choo vipi leo?" Mtaa mzima ulisikia. Mwanzoni Demetria alikuwa akikimbilia ndani na kujibu kwa kunong'ona mlangoni, na Bahiya akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Asubuhi moja Gaspar alikuwa akitoka kwenda kazini kwa mzungu wake wa reli, kaptura imenyooshwa kwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini, swali likaja. Demetria akaweka ndoo chini.

"Kigumu!" alijibu, mpaka wapita njia wakageuka.

Gaspar aliongeza mwendo, akijifanya hawajui wote wawili. Jumamosi hiyo sahani ya pilau ikavuka ua.