Safari ya Kimya Msituni

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha. Anafanya kazi Mombasa, na tangu baba yake afariki hunipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama ninakula. Safari hii aliniambia kuna watu wanaotembezwa msituni polepole, wakiongozwa, ili kupumzisha akili. Mimi nilichoshika ni kwamba kutakuwa na watu.

Si kwamba mtaani kwetu Fedha tuna uhaba wa watu. Vijana wa ghorofa letu hunisalimu kwenye ngazi, "Sasa, mathe," na kabla sijajibu wameshafika chini. Mwezi huo nilikuwa nimeanza kumjibu mtangazaji wa redio. Nilijionea aibu, lakini nilimjibu.

Kwa hiyo nilijitayarisha kama tunavyofanya kina mama tukitoka pamoja: chupa kubwa ya chai, mandazi ya watu kumi, leso ya kukalia. Njiani nilipanga hata hadithi nitakazoanza nazo.

Pale langoni kiongozi wetu, kijana mpole, alituomba tuzime simu. Kisha akasema tutatembea kwa muda wa saa mbili bila kuzungumza. Nilidhani anatania.

"Masaa mawili! Si tutakufa?" nikamwambia dada mmoja mwenye miwani.

Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Loo! Yaani nimeacha kimya changu nyumbani, nimevuka jiji zima, nije kunyamazishwa na wageni.

Msitu ulikuwa mzuri, sikatai. Tukaambiwa kila mmoja achague mti wake, ausogelee, ausikilize. Wengine waliikumbatia yao wakafumba macho. Mimi niliangukia mti wa muhugu, na mkono wangu ukafanya kile alichokuwa akifanya mume wangu kabla ya kununua gogo: nikaugonga kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Alikuwa mchonga vinyago, na kwa mlio tu alijua kama ndani ni pazima au pameoza. Mimi sijui lolote, niligonga tu. Ko, ko, ko, kundi zima likageuka.

Kiongozi akaja akinyata. "Mama," akanong'ona, "tunausikiliza tu. Hatuugongi."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamume huyo alinichosha na vumbi la mbao miaka thelathini, na leo ningelifagia nikiimba. Lakini alishaondoka, na sheria ni sheria. Nikalia pale bila sauti, kama nilivyoagizwa.

Mwishoni tuliketi kwa duara. Kiongozi akatumiminia chai ya majani ya porini kwenye vikombe vidogo kama vya watoto, nami nikaona haya kufungua mandazi yangu. Akatuomba kila mmoja aseme neno moja, moja tu, la kile alichokipata.

"Amani," akasema wa kwanza. Wote wakaweka mkono kifuani kumshukuru.

"Utulivu," akasema dada wa miwani. Wakaweka mkono kifuani.

Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima. Zamu yangu ikafika.

"Upweke," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nikangoja mtu aniulize. Wakaweka mkono kifuani, wote, taratibu.

"Asante, mama," akasema kiongozi, akamgeukia aliyefuata.