Upande wa Juu wa CD

Ni kalamu yangu ya Bic, au ni mashine? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne, katika miaka ya vita ambapo watu wengine wa Butembo walikosa usingizi kwa sababu zinazoeleweka.

Nilikuwa nimemaliza graduat, ile miaka mitatu ya kwanza ya chuo, nikapata kazi kwenye duka la kupiga chapa barua na fotokopi. Patron, mwenye duka, alikuwa ameleta mashine ya graveur kutoka Dubai, kwa hiyo tulihamishia sauti kwenye CD pia. Mama mmoja wa Musienene akaja na kaseti. Baba yake, kabla ya kufa, alikuwa amesema ndani yake kwamba shamba la chini ni la binti huyo, akataja mipaka yote. Kaka zake walikataa, maana kwao binti hapewi shamba. Katekista aliyeshika radio ya kurekodi siku ile alikuwa amekimbia vita, na hakuna aliyejua yuko wapi. Ilibaki kaseti tu, nayo ilikuwa imeanza kukwaruza.

Niliihamisha sauti kwenye kompyuta, kisha kwenye CD, ikaijaza karibu yote. Kazi hiyo tuliiita kugraver, yaani kuchonga, na neno hilo niliishia kuliamini kupita kiasi.

"Hii iko gravé, Mama," nilimwambia. "Haifutikake. Kaseti unaweza kuitumia kwa kitu ingine."

Kisha nikachukua Bic, nikaandika jina la marehemu juu ya CD, karibu na ukingo, nikikaza mkono ili lisifutike. Upande wa chini, ule unaong'aa, sikuugusa hata kwa kidole. Jioni nikafuta sauti kwenye kompyuta, kwa sababu disk ilikuwa imejaa.

Baada ya miezi miwili mama akarudi.

"Mutoto yangu, mu CD tata, baba yangu, anasalimia batu vizuri, anasali vizuri. Akifika kwa shamba, anaanza kugugumiza. Kisha ananyamaza."

"Na kaseti, Mama?"

"Si weye ulisema? Korali iliimba mule, ya tata ikafutika."

 Patron, nyuma yangu, alikuwa anacheka. "Haya, Engeniere! Fufua mufu."

Kikao cha familia cha kuamua shamba kilikuwa Jumapili. Ijumaa nilipanda lori kwenda Beni, kwa fundi mmoja aliyesifiwa, nikiomba Mungu kosa liwe la mashine. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari aliitoa CD mfukoni mwangu.

"Ni muziki gani?"

"Hapana muziki, chef. Ni sauti ya mutu alishakufa."

Alinirudishia haraka, akiishika kwa ncha za vidole viwili.

Fundi aliijaribu kwenye mashine tatu. Zote zilikwama mahali pale pale. Akafungua moja, akanionyesha jicho lake, dogo kama punje ya haragwe. Mwanga unatoka hapo, alisema, unapita ndani ya plastiki, unagonga utando wa fedha, unarudi. Pale graveur ilipounguza alama, unarudi dhaifu. Mashine inasoma tofauti hiyo mpaka inakuwa sauti. Na inasoma kuanzia katikati, ikizunguka kwenda nje, kama kikapu kinavyosukwa. Ndiyo sababu sala ilikuwa nzima, na shamba, lililokuwa mwishoni, karibu na ukingo, liligugumiza.

"Weye unazania maneno iko wapi mu CD?" aliniuliza.

"Huku chini, penye kung'aa."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akachukua CD yake moja mbovu, akabandika scotch, utepe wa gundi, upande wa juu, akavuta. Fedha yote ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mkononi mwake ikabaki plastiki tupu. Niliona uso wake upande wa pili.

"Maneno njo hii," akasema, akinyoosha ile scotch. "Huku juu kuko verni nyembamba tu, kama rangi ya kupaka. Chini njo kuko ukuta. Batu bote banachunga ukuta, banaacha paa."

"Na mutu akiandika na Bic?"

 Aliinua CD ya mama mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya kwenye herufi. Nilisoma jina la marehemu lote, herufi kwa herufi, kwa jua la Beni. 

Njiani kurudi niliwaza kila njia. Ningeweza kusema ni mashine. Nani Musienene angebisha? Tena mmoja wa wale kaka alikuwa rafiki wa askari. Lakini kaseti haikimbizwi wakati wa kuihamisha: nilikuwa nimeisikiliza yote kwa masikio yangu, mara mbili, kwa sababu groupe, jenereta ya duka, ilizimika mara ya kwanza. Mipaka ile niliijua.

Jumapili baada ya misa nilimkuta mama nje ya nyumba ya kikao.

"Mama, hapana mashine. Ni mie, na Bic yangu."

 Nilitamani anitukane.

"Basi ingia," alisema. "Ukaseme vile ulisikia."

Ndani, kaka mkubwa alinitazama kuanzia viatu. "Na huyu naye ni nani? Mukwe mupya?"

Wanaume wakacheka.  Nilisema kwanza kwamba CD niliiharibu mimi, kwa mkono wangu. Kisha nikasema kwamba maneno ya mzee niliyasikia, na kicheko kikakatika.

Nikaitaja mipaka kama alivyoitaja: nikaanza na mfereji wa juu, nikashuka mpaka kwa ile miti miwili ya avoka.