Chupa Ishirini na Mbili za Kamunyonge

Alhamisi, tarehe 12 Mei 1983, ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Kalenda yoyote ya Kanisa italithibitisha hilo. Mengine yote yaliyomo humu yanategemea kumbukumbu za watu watatu waliokuwapo, na pale wanapohitilafiana imesemwa.

Baada ya misa ya siku hiyo Marcelina, mjane wa miaka arobaini na mitano ambaye majirani walimwita Mama Robi, alirudi nyumbani kwake Kamunyonge, Musoma, akamimina kileo cha rangi ya asali katika glasi ndogo, akakinywa chote akiwa amesimama. Kisha akamwambia wifi yake Pelagia, mjane pia, aliyeishi naye, atazame saa. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi.

Kileo hicho watu walikiita Cha Masista. Kabla ya kuolewa Marcelina alipika miaka kumi na mmoja katika misheni ya Nyegina, na huko sista mmoja mzee alimfundisha kukitengeneza: spiriti safi, shira ya sukari iliyopoa, matone ya arki ya chungwa, na sukari kidogo iliyounguzwa ili kutia rangi. Alimfundisha pia kuogopa. Iko spiriti nyingine, alisema, ya kuwashia majiko na kuondolea rangi. Harufu yake haina tofauti kubwa na ulevi wake ni uleule, lakini hupofusha, na wakati mwingine huua. Wala haimwangushi mtu papo hapo. Inasubiri.

Kwa desturi za huku mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, nao wakimwona mzima hunywa. Marcelina aliona kwamba desturi hiyo haitoshi kwa kitu kinachosubiri, akajitungia yake. Alikunywa peke yake, akangoja siku nzima hadi saa ileile, kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha sala, uliochapwa kwa herufi ndogo kuliko zote, akausoma dirishani. Akiweza kuusoma, chupa zilitoka. Asipoweza, zisitoke. Daktari angesema kipimo hicho ni dhaifu na ni hatari kwa mpimaji. Marcelina alikuwa nacho hicho tu.

Mwaka ule Magige, katibu wa tawi la chama, alikuwa anamwoza binti yake Nyangi huko Butiama, Jumamosi ya tarehe 14. Bia haikupatikana. Magige alikuwa ameshawaahidi wakwe kwamba meza ya wazee itakuwa na Cha Masista, na ndugu zake wakakusanya sukari kikombe kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, hadi ikafika kilo nane. Spiriti ililetwa Jumanne na Keraryo, mchuuzi wa Kabasa, Bunda, katika dumu la lita tano lisilo na lebo.

"Ya hospitali hii," alisema Keraryo.

"Hospitali ipi?"

"Mama Robi, siku hizi kitu kikipatikana mtu anashukuru. Haulizi kimetokaga wapi."

Marcelina alikusudia kuonja spiriti hiyo kwanza, kabla ya kugusa sukari. Lakini msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa adimu, ulikuwa umeanza mwishoni mwa Machi, na Jumatano Pelagia alirudi kutoka bombani mbio, ndoo tupu mkononi: mgambo wanakagua nyumba za mtaa wa pili. Kilo nane katika nyumba ya wajane wawili zisingeitwa sukari ya harusi. Wapo waliokuwa wakitupa vitu vyao ziwani. Marcelina hakuweza kutupa sukari ya watu. Aliiyeyusha yote. Kisha, kwa kuwa masufuria mawili ya shira nayo yangeulizwa, alitia spiriti na arki palepale, akajaza chupa ishirini na mbili, akazifunika kwa majani ya migomba ndani ya kreti. Hadi jioni hapakuwa na punje ya sukari ndani ya nyumba. Mgambo hawakufika siku hiyo.

Hivyo ndivyo alivyovunja kanuni yake: alichanganya kabla ya kuonja. Kama dumu lilikuwa baya, sasa sukari yote ilikuwa imeharibika nalo.

Kosa la pili aliligundua baadaye. Mara ya mwisho kuusoma ukurasa ule ilikuwa Noeli ya 1981. Alhamisi, kabla ya kunywa, hakuufungua ajue macho yake bado yanausoma.

Ijumaa saa tatu asubuhi Magige alifika na pikapu ya kuazima.

"Hodi! Mama Robi, mzigo uko tayari?"

"Mzigo uko tayari. Mimi ndiye siko tayari."

"Kwani unaolewa wewe?"

Pelagia alicheka. Marcelina alimsogezea mgeni kiti. "Ndugu Katibu, ngoja saa tano na robo."

"Umeonja jana, hujafa. Mimi nakuona mzima, hata shavu limejaa."

"Ngoja."

"Butiama wameshachinja! Niwaambie wakwe wanangoja mtu asome kitabu?"

"Waambie."

Magige aliketi, akasimama, akaenda kutazama pikapu, akarudi. Pelagia anakumbuka kwamba alihesabu chupa mara tatu, kana kwamba zingezaana. Marcelina aliendelea kuchambua mchele, na kila baada ya muda aliinua uso akatazama mti ulioko ng'ambo ya barabara, kisha akarudi kwenye mchele.

Saa ilipofika alinawa mikono, akachukua kitabu, akaenda dirishani. Mstari wa kwanza aliusoma bila kusita, lakini aliujua kwa moyo, kwa hiyo haukuhesabika. Mstari wa pili herufi zilikuwa zimevimba. Wa tatu zilishikana. Alikisogeza kitabu mbali, zikatengana kidogo. Akakirudisha karibu, zikashikana tena.

"Soma, wifi," alisema Pelagia.

"Sioni vizuri."

"Ni uzee huo. Hata mimi nilikuwaga natunga uzi mwenyewe, sasa natungiwa."

"Uzee umeingia jana?"

"Basi ni usingizi. Usiku kucha umegeuka kama samaki kwenye kaango."

Magige alichukua chupa moja kwenye kreti, akaanza kung'oa kizibo kwa meno. "Nipe glasi. Nionje mimi mwenyewe, yaishe."

"Ukionja leo utajua kesho," Marcelina alisema. "Na kesho wazee wa wakwe zako watakuwa wameshamaliza meza."

Magige alishusha chupa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Robi, unajua kazi yangu. Unajua nikitoka hapa naweza kusema nini."

"Kaseme. Na waje na mtu wa kupima."

Alibeba kreti. Magige akaishika upande wa pili. "Ni sukari ya ukoo mzima hii!"

"Na macho ni ya ukoo mzima."

Pelagia anasema Magige aliachia mwenyewe. Magige anasema chupa moja ilianguka ikavunjika, akaruka nyuma asiloweshe suruali ya harusi. Wote wanakubali kwamba Marcelina alizimimina zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwenye shimo la takataka nyuma ya migomba, na kwamba hakulia. Sisimizi walikuja, na kesho yake Pelagia aliwakuta wamekufa wengi. Spiriti nzuri nayo ingewaua.

Harusi ilifanyika kwa pombe ya mtama. Jumatatu mgambo wawili walikuja Kamunyonge. Hawakukuta sukari, wakaondoka na dumu tupu. Magige anakana kuwa ndiye aliyewatuma. Keraryo hakuonekana tena Bunda, na jamaa zake wanasema alivuka mpaka.

Marcelina hakutengeneza tena Cha Masista, hata miaka michache baadaye maduka yalipojaa na spiriti yenye lebo ikapatikana. Mwaka 1986 alipimwa macho, akapewa miwani ya kusomea, ya kawaida kwa watu wa umri wake. Alipoivaa aliusoma ukurasa ule wote.

Magige, ambaye sasa ni mzee, bado anasema aliharibiwa harusi. "Lakini," anaongeza, "wazee walioketi meza ile walikuwa kumi na wanne, na wawili ni kaka zangu."

Huenda macho ya Marcelina yalikuwa yameanza kufifia mwaka mmoja kabla, au yalichoshwa na kukesha, au yalidhurika kidogo kisha yakapona. Aliyemuuzia Keraryo dumu hajulikani. Mgambo walilipeleka wapi, haijulikani. Hakuna aliyekipima kilichokuwamo.