Antena ya Swalihu

Siku Silvano alipomwona Swalihu kwa mara ya kwanza, alichoona ni soli za viatu. Swalihu alikuwa juu ya nguzo, nyuma ya zahanati ya Kibakwe, koleo limening'inia kiunoni.

"Wewe Mgogo, unashangaa nini? Shika kamba!"

"Mimi ni mhudumu wa hapa," Silvano akajibu kwa sauti ndogo.

"Na mimi ni Mnyamwezi, mtani wako. Nikianguka utanizika wewe, kwa hiyo shika vizuri."

Swalihu alikuwa fundi wa Dodoma mjini. Alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya serikali, wenzake waliingia kwenye mitumba. Yeye alikaa uani kwake akisuka antena za redio za upepo, zile za kuitana kituo kwa kituo. Za zamani zilikuwa za waya mmoja, uliokatwa kwa masafa ya aina moja tu. Mchana zikisikika, usiku zinaguna. Ya kwake ilikuwa na nyaya mbili zilizotenganishwa kwa vipande vya bomba la maji, na rezista, kidude cha kuzuia umeme, katikati. "Hii haichagui masafa," alisema, "inameza yote." Tangu hapo zahanati iliweza kuomba gari la wagonjwa usiku na mchana.

Shida ilikuwa Silvano mwenyewe. Redioni vituo vyote husikia, naye aliona haya. Akiitwa, alijibu "nimepokea" na kukata.

"Kibakwe, umemeza ulimi?" Swalihu alimtania hewani, vituo vyote vikacheka.

Hata hivyo kila alipomaliza kufunga antena mpya kwenye kituo kingine, alimwita Silvano kwanza, saa sita mchana. Alisema sauti ikivuka milima ya Kibakwe, itafika popote. Silvano naye alikaa karibu na redio, hata chakula akikiacha kipoe.

Jumamosi moja ya masika akaitwa kutoka zahanati ya Haneti. Sauti ilikuwa safi, kama Swalihu amekaa pale kwenye benchi la wagonjwa.

"Mtani, nguzo imelala na mimi. Nilipanda zege halijakauka, nilitaka kuwahi saa yetu."

"Umeumia?"

"Miguu siisikii. Tumbo linajaa, nadhani ni damu. Mlinzi amenivuta mpaka kwenye redio, sasa amekwenda kutafuta gari, na korongo limefurika. Waya umebaki kwenye mti, ndiyo maana unanisikia. Niitie Dodoma, mimi hawanijibu."

Silvano akaita Dodoma. Akabadili masafa, akaita tena. Mtu wa redio wa Dodoma alikuwa amekwisha funga ofisi mpaka Jumatatu. Akaita Mpwapwa, wakamjibu upesi, kwamba gari lao liko juu ya mawe, halina magurudumu. Akatoka nje, akaitazama barabara iliyokuwa tupu, akarudi. Antena ilikuwa inafanya kila kitu ilichotengenezewa. Hakukuwa na mtu upande wa pili.

"Mtani," akasema, "hakuna gari."

Redio ikakoroma kidogo.

"Umewaita wote?"

"Wote."

"Basi usikate. Antena inasikikaje huko?"

"Nimepokea vizuri," Silvano akasema, machozi yakimtoka.

Swalihu akacheka, akakohoa.

"Leo usiniambie nimepokea, mtani. Sema kitu kirefu, chochote tu, nikusikilize."