Kuku wa Aliyerudi Kundini

Kanisani kwetu Mapinga tuna utaratibu tunaouita kurudi kundini. Mtu aliyetengwa kwa dhambi inayojulikana, akitubu, huitwa mbele siku ya Jumapili. Hupiga magoti, huulizwa maswali machache, huwekewa mikono, na sisi wengine tunasimama kuonyesha kwamba tumempokea. Baada ya hapo anarudi kwenye Meza ya Bwana kama zamani.

Nimeuona utaratibu huo tangu utoto wangu, na kusema kweli ulikuwa umenichosha. Karibu kila mara alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni, au wazee wawili walioishi pamoja bila kufunga ndoa mpaka wakapata wajukuu. Tulikuwa tunasimama huku tukitafuta miwani na kurekebisha vitenge, tunapokea, tunakaa. Vijana waliowapa mabinti wale mimba sikuwahi kuwaona wakipiga magoti, lakini nikianza hilo sitamaliza.

Habari ya mdogo wangu nitaisema haraka, maana sipendi kukaa ndani yake. Alikuwa na pikipiki, akibeba abiria kwenye barabara ya Bagamoyo. Mwezi ule pikipiki zilikuwa zimeibwa hapa na pale, na watu walikuwa wakilala na hasira na kuamka nayo. Mchana mmoja akagombana na mwenzake wa kijiwe kimoja kwa sababu ya abiria. Mwenzake huyo tulikuwa tunaimba naye kwaya. Besi nzito, kijana wa nyumba ya karibu. Akamnyooshea kidole akapiga kelele kwamba huyu ni mwizi wa pikipiki. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake mwenyewe. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, na hakuna aliyeuliza swali. Mama alipofika, alikuta kanga ya mtu asiyemjua imemfunika mwanawe.

Aliyepiga kelele alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa. Kanisa nalo likamtenga. Waliopiga kwa mikono yao walitawanyika, na kuanzia jioni ile kila mtu alikuwa amekwenda mahali pengine. Mmoja alikuwa shambani, mwingine alikuwa Bunju kwa shemeji, mwingine homa ilimlaza. Ajabu ni kwamba barabara ilikuwa imejaa watu.

Miaka ikapita. Mimi nilikuwa nimerudi kuishi na mama, ambaye alikuwa mjane muda mrefu. Asubuhi moja mzee wetu wa kanisa akaja nyumbani. Mzee huyu tulimzoea. Kila masika yakikaribia alipanda juu ya paa letu na nyundo yake akaziba palipovuja, na hakutaka malipo wala chai. Ukimkaribisha atakwambia amekunywa sasa hivi, hata kama umemkuta kumepambazuka tu. Mimi nilidhani ni aibu za kizee.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina. Karibu, mzee."

Hakukaa. Alisimama kwenye kivuli cha paa, kofia mkononi, akasema yule kijana ametoka gerezani. Yuko Lugoba, anaponda kokoto. Ameomba kurudi kundini, na ameomba iwe hapa Mapinga, si kanisa la huko.

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Kwa nini hapa?"

"Anasema hapa ndipo alipoyasema yale, na hapa ndipo anataka kuyatengua."

"Mwambie Mungu yupo hata Lugoba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Nikamuaga, nikamkaribisha chai kwa mazoea, akasema amekunywa. Akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Siku zile damu ilinichemka kiasi kwamba nilikuwa naunguza hata uji. Kisha mama akamweleza jirani yetu, bibi wa asili ya Kaole, rafiki yake wa kukaa naye barazani. Yeye ni Mwislamu, swala tano, na hana kona katika kusema. Aliposikia habari yote akaweka mkono kiunoni.

"Kwetu sisi, mwenzangu, damu ikimwagika, wenye damu ndio wanaoulizwa. Wakisamehe wamesamehe, wakikataa ni haki yao. Nyie mmeulizwa na nani?"

"Hatujaulizwa," mama akasema.

"Basi kaulizeni, msikae na jambo moyoni."

Kesho yake mama akavaa gauni lake la kanisani, siku ya kazi, akaniambia nimsindikize kwa mchungaji. Mchungaji wetu alikuwa kijana, amefika kwetu majuzi tu, na alitukaribisha ofisini kwa soda. Mama hakuigusa ile soda.

"Nina swali moja," alisema. "Mungu amemsamehe?"

Mchungaji akajipanga. Akasema hakuna dhambi isiyosamehewa kwa mtu anayetubu kweli. Akamtaja mfalme Daudi, aliyemwua mtu ili amchukue mkewe. Akamtaja yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pembeni mwa Bwana, aliyeahidiwa pepo siku ile ile akiwa bado ananing'inia.

"Yule alikuwa mwizi kweli, baba mchungaji," mama akasema. "Wangu hakuwa mwizi."

Tulisikia kuku wa nyuma ya ofisi wakiparua mchanga.

"Kwa hiyo amemsamehe mwuaji wa mwanangu bila kuniuliza mimi."

Nilimtazama mchungaji nikijua anachoweza kujibu, maana nimesikia mahubiri ya kutosha: kwamba tusamehe ili tusamehewe, kwamba kinyongo ni sumu. Kama angeyasema, ningemwagia soda. Hakuyasema. Aliinama, akasema, "Ndiyo, mama. Ndivyo tunavyoamini. Bila kutuuliza. Na mimi jambo hilo linanitisha."

Mama akainuka. Tulipokuwa njiani, tukipita viwanja vya watu wa mjini vilivyozungushiwa mabati, akaniambia ameridhika na jibu. Nikamwuliza ameridhika na nini, mbona ametukanwa. Akasema hapana, hakutukanwa, ameambiwa kweli. "Mwambie mzee wa kanisa yule mtu aje. Nataka nione kwa macho yangu Mungu akimsamehe. Nataka nione inafananaje."

Jumapili aliyokuja yule mtu kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha. Alikuwa amekonda. Besi ile yote imekwenda, amebaki na mifupa na shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa sandukuni, na vidole vimepasuka kwa kokoto. Sadaka yake aliiacha mlangoni pamoja na za wengine: kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Siku hiyo waliorudi kundini walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni, kama kawaida. Wa pili alikuwa yeye. Walipiga magoti bega kwa bega.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo zito. Nilidhani kwa mtu kama yule kuna sala nyingine, ndefu, labda na askofu aitwe. Mchungaji akafungua kitabu, akamwuliza binti maswali, akamwekea mikono, akamtangazia msamaha. Akasogea hatua moja. Hakufungua ukurasa mwingine. Akamwuliza yule mwanamume maswali yale yale, neno kwa neno.

Siku zote nilikuwa nayasikia maneno yale yakisomwa juu ya mabinti na nikayaona madogo, ya kumalizia shughuli. Kumbe yalikuwa makubwa kiasi hiki. Yalikuwa yanatosha kwa damu ya mdogo wangu, na tulikuwa tunayasikiliza huku tukitafuta miwani. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kusema. Niliogopa kama mtu aliyegundua kwamba kisima alichochezea utotoni hakina chini.

Kabla ya kuwekewa mikono yule mtu akaomba aseme. Alisema kwa sauti ndogo, na kanisa zima likasikia. "Niliposema ni mwizi, nilijua si mwizi. Nilikuwa na hasira tu. Walipoanza kumpiga ningeweza kusema nimekosea. Nilinyamaza."

Mchungaji akamwekea mikono akamtangazia kwamba amesamehewa. Halafu akatugeukia sisi, kwa sababu hapo ndipo tunaposimama.

Hakuna aliyesimama. Watu wote walikuwa wanamtazama mama. Mama alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, anamtazama yule mtu aliyepiga magoti kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mchungaji hakuharakisha, namshukuru kwa hilo mpaka leo. Feni zilizunguka. Mtoto wa yule binti akaanza kulia, akanyonyeshwa pale pale mbele ya madhabahu. Moyoni mimi nilikuwa naomba mama achukue mkoba wake tuondoke.

Mama akasimama. Akanishika kiwiko, akanisimamisha na mimi. Nyuma yetu kanisa zima likainuka kwa kishindo kimoja, benchi zikalia. Mzee wa kanisa, aliyekaa mbele na wenzake, ndiye aliyechelewa kuliko wote. Aliinuka ameshika benchi kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, magoti ya uzee.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka, ambapo vitu walivyoleta watu badala ya fedha hunadiwa. Mzee wetu ndiye mnadi wa siku zote, na ana maneno. Anaweza kukuuzia fungu la mchicha ukaondoka umecheka. Siku hiyo alinadi mayai na ndizi bila utani wowote. Alipomnyanyua yule kuku mwekundu, mama akainua mkono akataja bei. Ilikuwa bei ya kawaida ya kuku. Hakuna aliyeongeza. Mzee akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Kisha akabaki na kuku mkononi, midomo inacheza, mpaka mtu mwingine akamsaidia kusema mara ya tatu.

"Niletee nyumbani, mzee," mama akamwambia. Yule aliyerudi kundini alikuwa amesimama peke yake karibu na uzio. Mama akamwendea. Hakumkumbatia, wala hakumpa mkono. Alimwambia tu, "Hujala. Twende."

Kwetu kuku huchinjwa na Mwislamu ili jirani naye ale, kwa hiyo bibi wa Kaole akamwita mwanawe akachinja, na yeye mwenyewe akaja na nazi zake kukuna. Alimtazama mgeni, akamtazama mama, akavuta mbuzi ya kukunia akakaa. Chakula kilipoiva nikatandika mkeka uani. Nilimpakulia yule mtu mimi mwenyewe, na sitasema uongo kwamba nilimpakulia kwa upendo. Alikula ameinamisha kichwa, machozi yanamshuka mpaka kwenye wali, na aliendelea kula.

Mzee wa kanisa alikuwa bado amesimama mlangoni mwa ua, tangu alipoleta kuku.

"Karibu chakula, mzee," mama akasema.

"Nimekula, mama. Nimekula sasa hivi."

"Wapi? Tumetoka wote kanisani."

Mzee alimtazama yule mtu anayekula, akamtazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama, nami bado nilikuwa sijaelewa. Kisha kofia ikamwanguka.

"Mama, nilikuwepo," alisema. "Siku ile barabarani. Nilikuwa na gongo mkononi. Nilimpiga. Nilidhani ni mwizi, lakini nilimpiga."

Bibi wa Kaole akasema inna lillahi, polepole. Mimi nilisimama na mwiko mkononi. Nyundo yote ile juu ya paa letu, masika baada ya masika, niliisikia tena kichwani mwangu.

Mama hakushtuka. Alikuwa anapakua. Alitafuta kidari, akakiweka juu ya wali, akamwagia mchuzi, akaiweka sahani kwenye mkeka pembeni ya yule mwingine.

"Najua," alisema. "Nawa mikono."

Nilimwagia maji mzee yule mimi, na sijui nani kati yetu alikuwa analia zaidi. Akakaa. Tonge la kwanza lilimchukua muda mrefu.

Jioni, tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamwuliza mama alijua tangu lini. Akasema tangu masika ya kwanza, mtu alipotengeneza paa zima kwenye jua kali akakataa hata maji ya kunywa. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini basi hakumwambia, kwa nini alimwacha ateseke miaka yote ile, kwa nini hakumsamehe tu yakaisha.

Mama akafuta sufuria akaiinamisha.

"Nilimkaribisha kila alipokuja," alisema. "Na wewe ulikuwa unasikia. Yeye ndiye aliyekuwa hataki kula."